Samaki Anayerudi Baharini na Namba Mgongoni

Alasiri ya msimu wa kaskazi, mashua za uvuvi wa burudani huanza kuingia moja moja kupitia mlango wa mwamba wa Watamu. Walioko ufukweni hutazama juu kabla ya kutazama ndani ya mashua, kwa sababu habari ya siku inapepea hewani: bendera ndogo ya samaki aliyepatikana, na kando yake nyingine yenye herufi T. Herufi hiyo inasema kwamba samaki ametiwa tagi na kuachiwa. Ndani ya mashua huenda wamo jodari wawili na fulusi wa kitoweo, lakini yule sulisuli aliyewatoa watu jasho hayumo. Amebaki baharini, akiwa na namba mgongoni.

Zamani haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi, katika vilabu vya pwani yetu na kwingineko duniani, heshima ya mvuvi wa burudani ilining'inia kwenye boriti. Samaki alifungwa kamba mkiani, akapandishwa kichwa chini, uzito wake ukaandikwa, na mgeni akasimama kando yake apigwe picha. Mwaka 1934 mwandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway, baada ya safari yake ya uwindaji bara, aliteremka Malindi na kwenda kuvua katika maji ya kina. Enzi hizo bahari ilionekana kama ghala lisilo na sakafu.

Aliyewahi kumwona sulisuli akiwa hai ubavuni mwa mashua anajua kuwa picha zile za boriti zilimdhulumu. Akiwa hai na katika mawindo, mwili wake huwaka buluu na zambarau, michirizi ya mwanga ikipita ubavuni kama umeme, na pezi la mgongoni hufunguka kama tanga lililoshika upepo. Akifa, rangi hizo huondoka. Kinachobaki juu ya boriti ni nyama ya kijivu na mdomo mrefu unaoelekea chini.

Ninaamini kwamba mvuvi wa burudani ana deni kubwa kwa samaki huyu kuliko mvuvi mwingine yeyote, na njia ya kulilipa anaijua. Makala haya ni ya deni hilo.

Tanga na mkuki

Samaki tunaowazungumzia ni wa jamii moja, wenye mdomo uliochongoka kama mkuki. Sulisuli ni yule mwenye pezi kubwa kama tanga. Nduaro ni wanene na wenye nguvu zaidi: yuko wa mistari, yuko wa buluu, yuko mweusi. Majina yenyewe hubadilika kutoka bandari hadi bandari, na wapo wavuvi wanaowaita wote sulisuli. Katika maji ya Malindi na Watamu, sulisuli hujaa kuanzia Novemba hadi Januari, na nduaro wa mistari hufuata katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Kusi ikivuma kwa nguvu, mashua nyingi hupandishwa pwani kwa matengenezo na samaki hupumzika na watu.

Ni samaki wanaokua haraka mno. Sulisuli anaweza kupita urefu wa mita moja katika mwaka wake wa kwanza. Hilo ni jambo la kutia moyo, kwa maana samaki akuaye haraka akipewa nafasi huweza kurudi haraka. Lakini nafasi yenyewe ndiyo imekuwa haba.

Uvuvi wa samaki hawa katika bahari yetu husimamiwa na Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, IOTC, iliyoanza mwaka 1996 na yenye makao yake Victoria, Seychelles. Kenya na Tanzania ni wanachama. Tathmini za wanasayansi wa kamisheni hiyo zimeonyesha kwamba nduaro wa mistari amevuliwa kupita kiasi na bado anaendelea kuvuliwa hivyo, na nduaro wa buluu naye amewekwa katika kundi hilo hilo la hatari. Mwaka 2018 wanachama walikubaliana viwango vya juu vya kuvua kwa mwaka: tani 3,260 za nduaro wa mistari, tani 11,930 za nduaro wa buluu, tani 9,932 za nduaro mweusi na tani 25,000 za sulisuli. Walikataza pia kubakiza samaki wa jamii hizo mwenye urefu chini ya sentimita 60, akipimwa kutoka taya la chini hadi penye panda ya mkia.

Wengi wa samaki hao huvuliwa bila hata kukusudiwa. Meli za mishipi mirefu, yenye ndoana kwa maelfu, humfuata jodari na kumpata nduaro. Nyavu za kuelea za nchi za kaskazini mwa Bahari ya Hindi humfuata jodari na kumpata sulisuli. Wavu haumuulizi samaki jina lake.

Asiyehitaji samaki

Hapo ndipo mvuvi wa burudani husema: basi mimi mwenye fimbo moja na ndoana moja nina kosa gani? Swali lake ni la haki, na jibu la haki ni kwamba yeye siye aliyeiangusha idadi ya nduaro. Hata wavuvi wote wa burudani wa Lamu, Malindi, Watamu, Shimoni, Pemba na Mafia wakibaki nyumbani mwaka mzima, tani zile za nyavu na mishipi mirefu hazitabadilika.

Lakini uzito wa hoja uko kwingine. Mwenye ngalawa anakwenda baharini kwa sababu kuna sufuria nyumbani. Mwenye meli anakwenda kwa sababu kuna mkopo na soko. Mvuvi wa burudani ndiye pekee anayetoka alfajiri, anateketeza mafuta, anapigwa na jua siku nzima, na hana ulazima wowote wa kurudi na samaki. Alichokifuata ni ule mvuto wa mshipi na kuruka kwa samaki hewani, na vyote viwili amekwisha kuvipata kabla samaki hajafika ubavuni mwa mashua. Kumuua baada ya hapo ni kuchukua kitu asichokihitaji kutoka kwenye ghala linalopungua.

Uhuru huo ndio deni lake. Pia ndio nguvu yake, kwa sababu mtu asiyelazimika kuua anaweza kufanya kazi ambayo wengine hawawezi.

Dakika chache ubavuni mwa mashua

Kazi yenyewe inaonekana ndogo ukiitazama kwa karibu. Samaki amechoka, mshipi umefupika, na nahodha anaisogeza mashua mbele polepole. Hapaswi kusimama kabisa, na sababu iko katika mwili wa samaki: sulisuli na nduaro hupumua kwa kuogelea. Maji huingia mdomoni na kupita kwenye mashavu kwa sababu samaki anakwenda mbele. Akisimamishwa, anakosa pumzi.

Baharia, ambaye mara nyingi ni mtoto wa pwani aliyejifunza bahari kwa baba yake au mjomba wake, anainama akiwa na glavu na kuushika mdomo ule mgumu wenye mkwaruzo kama tupa. Mwenzake ana mti mrefu wenye ncha ya chuma, na kwenye ncha ile kuna tagi: utepe mwembamba wa plastiki, mrefu kama kidole, wenye namba yake. Anasubiri samaki atulie. Kisha anachoma mara moja kwenye nyama nene ya bega, juu, karibu na pezi la mgongoni, mbali na kichwa na mbali na tumbo. Ndoana inatolewa, au ikiwa imeshika pabaya, mshipi unakatwa karibu nayo kadiri inavyowezekana. Baharia anaendelea kuushika mdomo, mashua ikienda taratibu, mpaka rangi irudi ubavuni na mkia uanze kusukuma wenyewe. Hapo anaachia. Samaki anazama katika buluu, na utepe ule unaonekana kwa muda kidogo kabla ya kupotea.

Baada ya hapo ndipo inakuja kazi isiyopigwa picha. Nahodha anachukua kadi na kuandika tarehe, mahali, aina ya samaki, uzito wa kukadiria, hali aliyoachiwa nayo na namba ya tagi. Kadi ikipotea au ikijazwa kwa kubahatisha, tagi ile ni utepe tu.

Kuachia kuna masharti

Wapo wanaodhani kwamba samaki akishaondoka kwa mkia wake, dhamiri imetulia. Haiwi hivyo kila mara. Samaki anaweza kuogelea vizuri mbele ya macho ya watu na kufa saa chache baadaye kwa jeraha la ndani.

Mwaka 2005, Andrij Horodysky na John Graves wa taasisi ya utafiti wa bahari ya jimbo la Virginia, Marekani, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya katika Atlantiki. Waliwafunga nduaro weupe vifaa vinavyowasiliana na setilaiti ili kujua nani alipona baada ya kuachiwa. Waliovuliwa kwa ndoana ya kawaida, yenye umbo la herufi J, walipona 65 katika kila 100. Waliovuliwa kwa ndoana ya duara walipona wote. Tofauti ya chuma kilichopindwa tu, na maisha ya zaidi ya theluthi moja ya samaki.

Ndoana ya duara ncha yake imeinama kuelekea ndani. Samaki akimeza chambo, ndoana huteleza kutoka kooni bila kushika, kisha hujipachika kwenye pembe ya taya anapogeuka kwenda zake. Ile ya J hushika popote inapokuta nyama: koo, tumbo, hata moyo. Anayetumia ndoana ya duara lazima ajifunze upya mkono wake. Hapaswi kuivuta fimbo kwa ghafla samaki anapogusa. Anakaza mshipi polepole na kuiacha ndoana ifanye kazi yake. Wazee wa mshipi huona vigumu kuiacha tabia ya miaka, lakini inaachika. Tangu mwaka 2008, mashindano ya nduaro katika maji ya Atlantiki ya Marekani yanalazimika kutumia ndoana ya duara pale chambo cha asili kinapotumika, na mashindano hayakufa kwa sababu hiyo.

Marekani ina funzo jingine, na hili lina uchungu ndani yake. Besi wa mistari wa Ghuba ya Chesapeake aliporomoka miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jimbo la Maryland likafunga uvuvi wake kabisa kuanzia 1985 hadi 1990, na mwaka 1995 ikatangazwa kwamba samaki amerudi. Watu wakashangilia, fimbo zikarudi majini, na wengi wakawa wanaachia samaki wao kwa moyo mweupe. Lakini wasimamizi wa samaki huyo hukadiria kwamba katika kila 100 wanaoachiwa, 9 hufa. Idadi hiyo haishtui mpaka uizidishe kwa mamilioni ya wanaovuliwa na kuachiwa kila mwaka. Mwaka 2019 tathmini ilionyesha kuwa besi amevuliwa kupita kiasi tena, na safari hii sehemu kubwa ya vifo ilitoka kwa samaki walioachiwa.

Kwa hiyo kuachia kuna masharti yake. Zana ziwe na nguvu ya kutosha ili pambano liwe fupi; anayemchosha samaki saa nyingi kwa uzi mwembamba ili ajisifie ujuzi anaachia maiti inayoogelea. Chambo cha bandia kiwe na ndoana moja, si mbili au tatu. Samaki asipandishwe ndani ya mashua kwa ajili ya picha. Mwili wake umezoea kubebwa na maji. Juu ya sitaha uzito wake mwenyewe unamwumiza, ute unaomkinga unafutika, na kila dakika hewani inampunguzia uwezekano wa kupona. Picha nzuri zaidi ni ile ya samaki akiwa majini, rangi zake zikiwa bado zinawaka. Tena kuna sharti gumu kuliko yote: siku samaki wanapokuwa wengi na wenye njaa, lazima mtu ajue kusema yatosha. Aliyeachia kumi na watano hajawaokoa wote kumi na watano.

Waacheni mama zao

Katika uvuvi huu kuna tamaa moja kongwe, ya samaki mkubwa kuliko wote. Vitabu vya rekodi vya uzito vinadai samaki apimwe nchi kavu, maana yake afe. Sasa tazama nani anayekufa. Nduaro wa buluu dume ni nadra kuvuka kilo 150. Jike anaweza kupita kilo 500. Kila jitu linalotafutwa kwa ajili ya rekodi ni mama aliyekomaa, mwenye uwezo wa kutaga mayai kwa mamilioni. Anayeitundika rekodi ya klabu anatundika uzazi wa miaka ijayo.

Vilabu vina uwezo wa kulimaliza hili bila sheria ya serikali, kwa kubadilisha kinachohesabiwa. Alama zikitolewa kwa samaki aliyeachiwa akiwa hai, kadi ikiwa imejazwa, boriti inabaki tupu yenyewe. Watu hufuata kinachoshangiliwa.

Namba inayosafiri

Faida kubwa kuliko zote ya mvuvi wa burudani ni kwamba anaona mambo mahali ambapo mwanasayansi hawezi kuwa kila siku. Frank Mather wa taasisi ya Woods Hole, Marekani, alilitambua hilo mwaka 1954 alipoanza kuwagawia wavuvi tagi wawatie jodari waliowaachia. Baadhi ya jodari waliotiwa alama pwani ya Massachusetts walikuja kunaswa ng'ambo ya Atlantiki, Ghuba ya Biscay. Ilidhihirika kwamba nchi zilizodhani kila moja ina samaki wake zilikuwa zinagawana samaki wale wale.

Karibu na kwetu, katika Ghuba ya Uajemi, mtafiti John Hoolihan alishirikiana na wavuvi wa burudani wa Falme za Kiarabu. Sulisuli waliotiwa tagi upande wa Arabuni walinaswa tena kwenye nyavu za upande wa Iran. Utafiti huo pia ulionyesha kwamba sulisuli wa Ghuba ni kama ukoo wa peke yao, usiochanganyika sana na wa bahari kuu. Ukoo wa namna hiyo ukimalizwa, hakuna wageni wa kuja kujaza pengo.

Kenya nayo ina hazina ambayo nchi nyingi za Bahari ya Hindi hazina. Taasisi ya African Billfish Foundation ya Watamu, pamoja na vilabu na manahodha wa pwani, imekusanya kumbukumbu za makumi ya maelfu ya samaki waliotiwa tagi. Mwaka 2020 watafiti Nelly Kadagi na Nina Wambiji pamoja na mwenzao walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za uvuvi wa burudani nchini Kenya kuanzia 1987 hadi 2016. Fikiri maana yake: miaka 30 ya kadi zilizoandikwa na mikono yenye chumvi, kwenye mashua inayoyumba, zikawa elimu. Hii ni katika bahari ambayo takwimu nyingi za samaki hawa huletwa zikiwa zimechanganywa chini ya jina moja, nduaro wa kila aina na sulisuli pamoja.

Ndiyo maana siku ya kurudi bila kitu nayo iandikwe. Mashua iliyozunguka kwa saa nane bila kuguswa imeiambia sayansi jambo kubwa. Na aliyeua kwa bahati mbaya aandike kwamba ameua. Kumbukumbu za sifa peke yake ni uongo uliopangwa kwa tarehe.

Ufukwe una haki yake

Kati ya samaki wanaotiwa tagi, ni asilimia chache tu watakaoonekana tena, na wengi wao hawataonekana na mvuvi wa burudani. Wataonekana na mwenye jarife wa Kilifi, wa Kipini, wa Pemba, atakayemkuta sulisuli wavuni na utepe wa ajabu mgongoni. Kila kitu kinamtegemea yeye wakati huo. Akijua utepe ule ni nini, atasoma namba, atakumbuka alikotega, atapeleka habari kwenye kikundi cha usimamizi wa ufukwe au ofisi ya uvuvi. Asipojua, au akihofia kwamba ataulizwa kwa nini alimvua, utepe utakwenda jalalani pamoja na matumbo ya samaki.

Hofu hiyo ina mizizi. Wavuvi wadogo wamezoea kuona uhifadhi ukija kwao kama amri na marufuku, huku wageni wakienda na kurudi kwa mashua zenye injini mbili. Mvuvi wa burudani akishuka ufukweni kumlaumu mwenye ngalawa kwa kula sulisuli, amepoteza kila kitu. Sulisuli wa mwenye ngalawa ni ada ya shule na unga wa jioni. Anayestahili kuombwa kwanza kuacha ni asiyehitaji.

Anachoweza kufanya ni kushuka na kusema asante. Kwa aliyeleta tagi, zawadi itoke upesi, na pamoja nayo habari: samaki wako aliachiwa tarehe hii, mahali hapa, amesafiri umbali huu. Mvuvi aliyesimuliwa safari ya samaki wake mbele ya wenzake ataleta tagi ya pili, na wenzake wataleta zao. Mabaharia na manahodha wanaotia tagi hizo kwa mikono yao watajwe kama washirika wa utafiti, kwa sababu ndivyo walivyo. Na wenye vilabu, ambao sauti zao husikika wizarani, wazitumie kuuliza kuhusu meli za mishipi mirefu na nyavu za kuelea. IOTC hukutana kila mwaka, na wajumbe wetu huenda. Mvuvi anayemwachia nduaro mmoja kwa uangalifu halafu akanyamaza tani 3,260 zinapojadiliwa amefanya nusu ya kazi.

Wahenga walisema akiba haiozi. Sulisuli aliyeachiwa mwezi wa Desemba nje ya mwamba wa Watamu ni akiba ya namna hiyo, ila haina mwenye daftari mmoja. Kesho atakuwa Somalia, keshokutwa mbele ya nyavu za mtu asiyemjua nahodha wala klabu yake. Aliyemwachia hatamwona tena. Ameweka kitu mahali asipoweza kukilinda, kwa ajili ya watu asiowajua, na hilo ndilo linalompa haki ya kurudi tena baharini kesho alfajiri. Kabla ya hapo, jioni hii, bado kuna kadi ya kujaza: tarehe, mahali, namba.